Wananitaka niwe steringi na niwaachie jina la mhusika wangu. Nisaini?

Mwangaluka wakuu.

Nipo Mwanza, mchana nauza dagaa Mwaloni Kirumba, jioni naigiza. Kwenye kikundi chetu sijawahi kuwa steringi. Nacheza Mzee Kulwa, baba mwenye nyumba: koti zito jua linawaka, daftari la kodi kwapani. Akishapiga hodi hasemi kitu. Analamba kidole gumba, anafunua daftari polepole, mpangaji anatetemeka, halafu anauliza, "Chai ipo?" Basi. Natokea dakika mbili tatu kwa klipu, lakini sokoni siku hizi hakuna anayeniita jina langu.

Sasa kuna watu wa Dar wamenipigia. Wanataka tamthilia nzima imhusu Mzee Kulwa, na hela inazidi dagaa kwa mbali. Ila mkataba unasema jina, vazi na "mtindo wote wa uigizaji" ni mali yao, na nisiigize kwingine kwa miaka mitano. Mama watoto anasema nisaini kabla hawajaghairi. Naombeni ushauri.

SamakiMkavu: Saini mkuu. Wenzako wanaisaka hiyo simu usiku na mchana.

BibiWaIgoma: Weee, usimpoteze mwenzio. Mwanangu, wale vijana wa Ze Comedy, akina Joti, Masanja na Mpoki, walipoondoka EATV jina hawakuondoka nalo. Ikabidi waibukie TBC1 kama Orijino Komedi. Wakatoboa, sawa, lakini walikuwa kundi zima na sura zao zinajulikana nchi nzima. Wewe uko peke yako na Mzee Kulwa anaishia Usagara (samahani). Wakichukua jina utabaki na koti.

MzeeWaHati: Nimewahi kupitia mikataba ya wasanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa ana haki kwenye onyesho lake. Ndiyo maana wanahangaikia saini yako. Wazo la baba mwenye nyumba msumbufu halina mwenyewe, yeyote anaweza kulicheza. Skripti iliyoandikwa na klipu iliyorekodiwa zina wenyewe. Kwa hiyo kabla hujawajibu: zile klipu nani aliziandika? Kama ni kikundi, huwezi kuziuza peke yako. Kaeni, muandikiane, mwende COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Kisha warudie hao watu: wachukue tamthilia, mhusika abaki kwenu, miaka mitano iwe msimu mmoja, matangazo ya biashara yalipwe kivyake. Hapo kwenye matangazo ndipo wazee wetu walipoumia. Marehemu Mzee Majuto, mikataba yake ilianza kupitiwa na kamati ya serikali 2018, tayari yuko kitandani.

DadaNyegezi: Mimi hata hela naiweka pembeni. Mzee Kulwa anachekesha kwa sababu anaingia na kutoka. Mpe nusu saa, mpe mke, mpe kisa cha mapenzi, uone kama hicho kidole gumba hakijachosha kufikia sehemu ya tatu. Waambie steringi awe mpangaji. Walter Brennan wa Marekani alibeba Oscar 3, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940, zote za mwigizaji msaidizi. Kuna masteringi wangapi wamekufa bila hata moja?

SamakiMkavu: Oscar Kirumba unabadilisha na unga kilo ngapi?

DadaNyegezi: Wewe endelea kukauka.

Mleta uzi: Nimewasoma wote, asanteni. Shida klipu hatuandiki. Tunaelewana ndani ya bajaji tukienda kurekodi, kila mtu anaongeza lake. Kidole gumba nilikiiga kwa mjomba, "Chai ipo" aliileta yule dogo wa kamera. Hapo inakuwaje @MzeeWaHati?

MzeeWaHati: Mjomba hadai kitu. Dogo wa kamera anaweza kudai, tena siku utakapoanza kulipwa. Mkae naye wikiendi hii, muandike nani alileta nini na hela ikija mnagawanaje, wote msaini mbele ya shahidi.

BibiWaIgoma: Na hao wa Dar wakutumie mkataba kamili, kurasa zote. Mambo ya picha ya WhatsApp iliyokatwa chini, hapana.