Naomba ushauri: programu ya kutoa maandishi kwenye picha za skrini

Wakuu, salaam. Kazi yangu kila siku ni kupiga picha za skrini: nyaraka zilizoskaniwa, slaidi za mikutano, majedwali yasiyokubali kunakiliwa. Kisha naketi kuchapa upya neno kwa neno. Vidole vimechoka.

Nilianza na Text Extractor iliyomo ndani ya PowerToys (zana za bure za Microsoft kwa Windows), ile ya kubonyeza Windows+Shift+T na kuzungushia eneo unalotaka. Kwa mistari miwili mitatu inanitosha kabisa. Tesseract, programu nyingine ya kusoma maandishi kwenye picha, nayo nimeiweka, maana ni ya bure, haihitaji intaneti na ina faili la lugha ya Kiswahili. Ila ni ya kuandikiwa amri, na mimi na ile skrini nyeusi hatuelewani.

Juzi nikajaribu nyingine ya akili mnemba, ya mtandaoni. Aisee, safi! Mpaka nilipolinganisha na picha: "hakulipwa" imegeuka "akalipwa". Programu za kawaida zikikosea unaona takataka waziwazi, mfano "ng0mbe". Hii inakosea kwa sentensi iliyonyooka, na hapo ndipo ninapoogopa.

Sasa, kuna ya akili mnemba inayofanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe, bila kutuma picha nje? Nyaraka nyingine ni siri za watu. Mashine yangu ina RAM ya GB 8, kadi ya michoro haina. Na majedwali je: kuna inayoacha safu zikae zilivyo, au wote mnapanga upya kwa mkono kama mimi?