Naomba ushauri: walezi wanaogopa "damu ya baba" ya mtoto, niwajibu nini?

mwezeshaji_moro
Wakuu, habari za wakati huu. Jumamosi ijayo kuna kikao cha walezi 12 hapa Morogoro. Wote wamechukua au wanajiandaa kuchukua watoto wa ndugu zao: wazazi wamefariki, wako gerezani, au pombe imewashinda. Watoto wana kati ya miaka 2 na 9. Muda wetu ni saa mbili tu.

Kwenye fomu kila mlezi aliachiwa nafasi ya swali moja, na wengi wameuliza jambo lile lile. Baba yake mlevi, baba yake mwizi, je, hata nikimlea vizuri hatakuwa kama yeye? Mmoja ameandika "maji hufuata mkondo". Mwingine anauliza kama roho aliyozaliwa nayo mtoto inabadilika.

Sitaki kuwapa faraja ya uongo, wala kuwatisha wakawarudisha watoto. Naomba ukweli unaojulikana kuhusu kurithi na malezi, namna ya kuueleza kwa mtu asiyesoma sayansi, na mambo ya kufanya nyumbani kuanzia Jumapili yake.

Hulka
Mkuu, anza na Uswidi, maana utafiti ule unalijibu swali lao karibu neno kwa neno. Mwaka 2012 Kenneth Kendler, daktari wa magonjwa ya akili, na wenzake walichapisha matokeo ya watu 18,115 waliozaliwa kati ya 1950 na 1993 na kulelewa na familia za kuasili. Kati ya wale ambao angalau mzazi mmoja wa kuwazaa alikuwa na tatizo la dawa za kulevya, asilimia 8.6 walilipata na wao. Kwa wale ambao wazazi wao hawakuwa nalo, ilikuwa asilimia 4.2.

Zisome namba hizo pande zote mbili mbele ya walezi. Hatari ni mara mbili, kwa hiyo ukisema damu haihusiki utakuwa umewadanganya. Lakini katika kila watoto 100 wa kundi lile la kwanza, 91 hawakuangukia huko. Halafu kuna sehemu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo ya kukazia: nyumba iliyowalea ilipokuwa na misukosuko (kifo, talaka, ulevi, uhalifu) hatari ilipanda, na ilipanda zaidi kwa wale waliokuwa na mzigo wa kurithi. Mtoto wa aina hiyo huumizwa na nyumba mbaya kuliko mwenzake. Ndiyo maana hasa anahitaji nyumba tulivu.

Asilimia haziingii kichwani mwa watu. Beba sinia mbili za maharage. Ya kwanza weka meupe 91 na mekundu 9, ya pili meupe 96 na mekundu 4. Zipitishe mkononi kila mtu azichambue mwenyewe. Uwaambie pia kwamba ni Uswidi na ni dawa za kulevya. Wizi na ugomvi vina hesabu zake, usizichanganye.

pacha_wa_kufanana
Naongezea tahadhari. Lazima atatokea mtu aliyesikia kwamba "nusu ya tabia ni ya kurithi". Namba hiyo ipo kweli. Mwaka 2015 Tinca Polderman na wenzake walijumlisha tafiti za pacha za miaka 50, zaidi ya pacha jozi milioni 14, na wastani wa urithi katika sifa zote walizozipima ukawa asilimia 49. Kosa ni kuifikiria kama uji uliochanganywa, kwamba nusu ya mtoto huyu ni baba yake na nusu ni mimi. Namba ile inahusu tofauti kati ya watu wengi, ndani ya mazingira yao. Kwa mtoto mmoja mmoja haisemi lolote.

Mfano ulioenezwa na mwanabiolojia Richard Lewontin unafaa sana kwa watu wanaolima. Chota mbegu za mahindi zilizochanganyika kwenye gunia moja. Konzi moja ipande kwenye shamba lenye mbolea ya kutosha, nyingine kwenye shamba lililochoka. Ndani ya kila shamba mimea itapishana urefu, na kwa kuwa udongo wa shamba hilo ni mmoja, tofauti hiyo ni ya mbegu tupu. Lakini tofauti ya shamba na shamba ni ya udongo tupu. Urithi ukiwa asilimia 100 ndani ya shamba haukuzuii kuongeza mbolea.

Ndimi
Kuhusu roho: usiingie kwenye ubishi huo bila kutenganisha maneno, la sivyo saa mbili zote zitaishia hapo. Hulka ni kile mtoto anachokuja nacho, kama wepesi wa kushtuka au uzito wa kuzoea watu. Tabia ni kile kinachoota kwa mazoea, na hicho ndicho kinachofundishwa. Roho waachie dini zao, ila wakumbushe kwamba dini zenyewe haziungi mkono hofu yao. Kwa Waislamu, hadithi inayojulikana ya Mtume inasema kila mtoto huzaliwa katika fitra (maumbile safi), kisha wazazi wake ndio humwelekeza. Kwa Wakristo, sura ya 18 ya Ezekieli inakataa waziwazi kwamba mwana hubeba uovu wa baba yake.

muuguzi_kliniki
Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau, na watoto wengi wanahukumiwa kwa ajili yake. Kuzaliwa nacho si kurithi. Mama akinywa pombe akiwa mjamzito, pombe hiyo hupita kwenye kondo na kuufikia ubongo wa mtoto. Mtoto atakuwa msahaulifu wa sheria za nyumbani, mwepesi wa kurukia jambo bila kufikiri, mgumu kuunganisha kosa na adhabu. Watu wataita ukaidi wa ukoo, kumbe ni madhara aliyoyapata tumboni. Kumchapa hakusaidii, kwa sababu kinachopungua ni uwezo wa kukumbuka. Kinachosaidia ni ratiba isiyobadilika na agizo moja kwa wakati mmoja. "Chukua ndoo." Subiri aichukue. Kisha "Ipeleke bombani."

Kabla ya kusema chochote kuhusu tabia, angalieni mwili. Masikio kwanza. Simama nyuma ya mtoto kwa urefu wa mkono, ziba sikio moja kwa kidole, nong'ona neno analolijua: maziwa, mpira, kuku. Alirudie. Badilisha sikio. Akishindwa mara kwa mara, kliniki. "Mkaidi" anayeitikia akikuona usoni na asiyeitikia ukiwa nyuma yake, mara nyingi ni mtoto asiyesikia vizuri.

Mtoto anayekatika katikati ya sentensi, macho yakaganda kwa sekunde kama 10, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu, apelekwe akachunguzwe kifafa. Kipo kifafa kisichoangusha mtu. Waulize pia kuhusu minyoo na upungufu wa damu, kwani mtoto asiye na damu ya kutosha huonekana mvivu.

mwezeshaji_moro
Nashukuru sana, mmenifungua macho. Sasa nyumbani. Mambo mawili yanajirudia kwenye fomu. Moja, watoto wanaficha chakula: vipande vya ugali uliokauka chini ya mto, maandazi kwenye begi la shule. Walezi wanaita wizi, "ameanza kama baba". Mbili, kuna mtoto wa miaka 4 anayemkumbatia kila mgeni na kukaa mapajani mwa watu asiowajua. Huyo wanamsifu kwamba ana roho nzuri.

Hulka
Yote mawili yanaelezwa na waliyoyapitia. Kwa kuyaona hayo tu, usiyahusishe na damu.

Ugali chini ya mto ni akiba. Mtoto aliyelala njaa bila kujua kesho kutakuwa na nini amejifunza kuweka. Ukimkaripia unathibitisha hofu yake, na ataficha mbali zaidi. Mpe kopo lenye mfuniko (panya na sisimizi watakuja), liwe lake. Kila jioni saa ile ile liwekwe kitu kisichoharibika haraka: karanga zilizokaangwa kama ameshapita umri wa kupaliwa, kiazi cha kuchemsha au ndizi kwa mdogo. Asiombe, asiulizwe amekula nini. Kikombe cha uji kabla ya kulala, hata kama amekula. Chakula kisitumike kabisa kama adhabu, hata siku moja, maana siku hiyo moja inafuta wiki nzima za kumtuliza. Dalili kwamba anapona ni kopo kuanza kubaki na chakula asubuhi. Kwa wengine ni wiki chache, kwa wengine miezi.

Huyo wa kukumbatia wageni ndiye anayenipa wasiwasi zaidi. Hali hiyo imeonekana sana kwa watoto waliokulia kwenye vituo vya kulelea watoto nchini Romania, waliopitia mikono ya wahudumu wengi bila kuwa na mtu wao. Anayemwendea kila mtu hajajua bado nani ni wake, tena ni rahisi kudhuriwa. Kwa miezi ya mwanzo chagueni mlezi mmoja mkuu. Huyo ndiye amlishe, amwogeshe, amlaze, na akianguka ndiye ambembeleze. Wageni na mashangazi wampe mkono tu, akitaka kubebwa wamwambie, "Mwendee mama mkubwa." Waelezeni ndugu mapema, la sivyo wataona mnawanyima mtoto.

mwalimu_wa_awali
Hulka yenyewe nayo ipimwe kabla ya kupewa jina. Madaktari wa magonjwa ya akili Alexander Thomas na Stella Chess walianza kufuatilia watoto New York mwaka 1956, na katika watoto 133 waliwagawa hivi: asilimia 40 wepesi, 10 wagumu, 15 wazito wa kuzoea, na 35 wasioingia kundi lolote. Jambo kubwa waliloliona ni kwamba kinacholeta shida ni kutolingana kwa hulka na matarajio ya wakubwa. Hulka peke yake haitoshi kumharibu mtoto.

Mpe kila mlezi daftari dogo. Wiki mbili, mara tatu kwa siku, mistari miwili tu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini. Usingizi na njaa vinakuja kwa saa au holela? Mgeni akija anakimbilia au anajificha? Akikasirika anachukua muda gani kutulia? Ukimkatiza mchezo inakuwaje? Kosa la kawaida ni kuandika hukumu ("leo jeuri") badala ya tukio ("nimezima redio, amelia dakika 15").

Mzito wa kuzoea asitupwe shuleni Jumatatu. Siku ya kwanza aishie getini, ya pili uwanjani dakika 20, ya tatu darasani mlezi akiwa mlangoni. Mwenye hasira kali apewe taarifa dakika tano kabla ya kubadilisha shughuli. Asiyetulia atumwe maji au dukani kwanza, ndipo akae na daftari, kwa vipande vya dakika 10.

Daftari hili lina faida nyingine. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipofuatilia watoto 28 wa Kiganda majumbani mwao nchini Uganda mwaka 1954 na 1955, aliona kwamba akina mama walioweza kusimulia kwa undani mambo madogo ya watoto wao ndio waliokuwa na watoto waliotulia nao zaidi. Wiki mbili za kuandika humfundisha mlezi kutazama.

Kiwavi
Naheshimu hoja zote, ila kuna kitu hakijajibiwa. Watoto wa tumbo moja, nyumba moja, chakula kimoja, mmoja padri na mwingine mhuni. Na tafiti hizo hizo za pacha zinasema nyumba moja haiwafanyi watu wazima kufanana sana tabia. Sasa kikao cha nini?

pacha_wa_kufanana
Swali zuri, na ukweli wake nusu ni lazima ukubaliwe. Kweli, kukulia nyumba moja huwafananisha ndugu kidogo sana kitabia wakiwa watu wazima. Sehemu kubwa ya tofauti isiyo ya kurithi inatokana na yale ambayo kila mmoja alipitia peke yake: ugonjwa, rafiki, mwalimu, nafasi ya kuzaliwa, bahati. Kwa hiyo mwambie mlezi hatamchonga mtoto kama kinyago, na akikua tofauti na matarajio si lazima awe amekosea.

Lakini tafiti nyingi za aina hiyo zilichukua nyumba za kawaida. Ukitoka kwenye nyumba za kawaida ukaingia kwenye njaa, kipigo na kutelekezwa, picha ni nyingine. Huko Bucharest, mji mkuu wa Romania, watafiti waliwapata watoto 136 wa vituoni wenye umri wa miezi 6 hadi 31, wakapiga kura: nusu wakahamishiwa kwa familia za walezi, nusu wakabaki na huduma ya kawaida. Kura ndiyo iliyoamua, si damu. Waliohamishwa walipata nafuu ya akili na ya kujenga uhusiano wa karibu na mlezi, hasa waliohama kabla ya kutimiza takriban miaka 2. Walezi wako 12 wanawatoa watoto kwenye shamba lililochoka. Hapo ndipo malezi yana nguvu kubwa.

mwezeshaji_moro
La mwisho, wakuu. Huyu wa miaka 9 anajua baba yake alikufa kwa pombe, na bibi humwita kwa jina la marehemu akikosea: "Umeanza, wewe ni yeye mtupu." Aambiwe nini, na bibi aambiwe nini?

Hulka
Bibi asishambuliwe, anaomboleza mwanawe. Mketi naye peke yake, mwombeni jina la marehemu litumike kwenye mema tu: alivyoimba, alivyofuga, alivyocheka. Akikosea mtoto, kitajwe kitendo: "Umempiga mwenzio, kamwombe radhi."

Mtoto wa miaka 9 anatosha kuambiwa ukweli, kwa sentensi fupi, mlezi mkuu akiwa ndiye msemaji. Baba alishikwa na ugonjwa wa pombe. Hukuusababisha. Miili ya watu wengine hushikwa na pombe haraka kuliko ya wengine, na wako unaweza kuwa hivyo, kwa hiyo wewe utachelewa kuionja au hutaionja kabisa. Kisha anyamaze, amwache aulize. Wanaoanza kunywa mapema ndio wanaonaswa zaidi, kwa hiyo mazungumzo haya yarudiwe kabla hajafika darasa la saba. Na kama nyumbani kuna anayemtuma mtoto huyo kununua pombe, hilo likome wiki hii. Kukiwa na kipigo au mlezi amezidiwa, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.