Tiba ya jeni ya kansa ya kibofu bila virusi: sisi tumo au hatumo?

Wakuu salaam. Kuna ndugu kasema tiba ya jeni (yaani kuingiza jeni kwenye seli za mgonjwa ili zipambane na ugonjwa) ni kumjaza mgonjwa virusi tu na tuikatae yote, mwingine kamjibu tusubiri kwanza ishuke bei. Mi nawapinga wote wawili, maana hili limenigusa nyumbani.

Ni kweli ile iliyopitishwa Marekani Desemba 2022, Adstiladrin, inabebwa na adenovirusi. Inaingizwa kibofuni kwa mpira wa mkojo, inakaa lisaa limoja, unarudia kila baada ya miezi 3. Inasafirishwa ikiwa imegandishwa, na siku za mwanzo mgonjwa akikojoa inabidi amwagie jiki asubiri dakika 15 ndo aflashi. Sasa nambieni mzee wa kijijini, choo cha shimo, umeme wa kukatika kila siku, ataiweza hiyo?

Lakini si lazima virusi. Kampuni ya enGene ya Montreal, Kanada, wanajaribu detalimogene, ndani yake kuna plasmidi, yaani DNA ya mviringo, imefungwa kwenye kitosani, na kitosani inatokana na magamba ya kamba na kaa, haya haya tunayomenya na kutupa kila siku. Kitosani ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi, kwa hiyo zinashikana, halafu inanata kwenye ute wa ukuta wa kibofu, jeni ikiingia seli zenyewe zinaanza kutengeneza interlukini-12 ya kuamsha kinga hapo hapo. Ukiipiga hiyo interlukini kwenye mshipa ni sumu kali, ndo maana wanataka ibaki kibofuni. Na plasmidi zinakuzwa kwenye bakteria, huhitaji kiwanda cha kulea virusi.

Ila bila virusi haimaanishi inaponya. BC-819 ya Israel ilikuwa plasmidi yenye jeni ya sumu ya dondakoo, ikibebwa na polima, mwaka 2019 jaribio likasimamishwa sababu matokeo hayakuridhisha. Kuipenyeza DNA kwenye seli bila virusi ni kazi ngumu kweli kweli.

Kinachoniuma ni hiki. Kundi kuu la jaribio la detalimogene, linaitwa LEGEND, ni la wagonjwa ambao kansa haijaingia kwenye msuli wa kibofu na BCG waliyowekewa kibofuni kama dawa imegoma, ile ile BCG wanayochomwa watoto kukinga TB. Huku kwetu kichocho cha mkojo kinaleta sana kansa ya aina nyingine, ya skwamasi, na watu wanafika hospitali imeshaingia msulini. Baba yangu mkubwa alikojoa damu karibu miaka 2, kila akienda zahanati anaambiwa ni UTI anapewa vidonge anarudi shamba, siku anapimwa kwa kamera daktari akasema hapa ni kutoa kibofu chote. Sikumbuki hata mtu mmoja kumuuliza kama utotoni alikuwa anaoga mtoni.

Kwa hiyo nyie mnaosema tusubiri bei, hata ikishuka itakuwa haijawahi kupimwa kwa kansa ya baba mkubwa. Serikali zetu ziombe wagonjwa wa kichocho waingizwe kwenye majaribio sasa hivi, na njia hii isiyo na virusi ndo iwe ya kuanzia. Madaktari mliopo, mmeshawahi kuona mgonjwa wenu wa kichocho akichukuliwa kwenye jaribio lolote la tiba ya jeni?