Kigoma tunauziwa anwani ya IP kama kiwanja, na toleo la 6 wamelilaza tu

Wakuu, leo salamu mnisamehe, nina hasira.

Nina stoo ya dagaa na mawese hapa Mwanga. Mwezi uliopita nilifunga kamera nne nikavuta na faiba, ili nikipanda treni kwenda Tabora kufuata asali niwe naiona stoo kwenye simu. Fundi akafungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye rauta, akala hela yake. Kufika Tabora, giza. Siku tatu naangalia kiduara kinazunguka, huku nyuma madumu mawili ya mawese yameota miguu.

Niliporudi nikaingia kwenye rauta mwenyewe. Anwani ya IP, ile namba ya kutambulisha kifaa mtandaoni, ya upande wa mtoa huduma inaanza na 100.72. Nikafungua tovuti ya kuangalia IP, inaniletea namba nyingine kabisa. Kumbe wametubananisha wateja kibao nyuma ya anwani moja! Zinazoanzia 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo, na nje ya mtandao wao hazifiki popote. Ni nyumba ya kupanga yenye vyumba arobaini na mlango mmoja wa barabarani. Ukitoka unapita vizuri, ila mgeni wako akibisha hodi hakuna anayejua anamtaka nani. Na mpangaji mmoja akifanya uhuni, tunafungiwa wote. Juzi tovuti imenitaka nithibitishe mara sita kwamba mimi si roboti.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Kaka, lipia anwani ya kudumu kila mwezi, IPv4 zimeadimika."

Hizo IPv4, yaani anwani za toleo la 4 lililozoeleka, zimeadimika kweli, siwabishii. Kila moja ina biti 32 (sifuri na moja za kompyuta), na hizo hazitoi zaidi ya anwani bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Ghala kuu la anwani la dunia liligawa mafungu ya mwisho Februari 2011, na AFRINIC, wanaogawia Afrika, tangu 2020 wanapima kwa kijiko.

Sasa IPv6, yaani hilo toleo la 6, je? Ilichapishwa mara ya kwanza 1995, wakuu! Biti 128. Fungu la kawaida la mtandao mmoja tu wa nyumbani, /64, ni sawa na anwani zote za IPv4 ukizizidisha kwa idadi yake yenyewe. Kila kamera ingepata yake na chenji ikabaki. Rauta waliyonipa wao ina ukurasa wa IPv6. Nimewasha, inaleta fe80 peke yake, ile ya kusalimiana humo humo ndani. Upande wao wamezima. Kumuuliza yule dada, ananiambia hiyo ni ya spidi kubwa, Kigoma bado haijafika. Spidi?! Hii ni habari ya wingi wa anwani, si spidi.

Wajuaji, kabla hamjanivamia: najua matoleo haya hayaongei moja kwa moja, simu yangu nayo lazima iwe na la 6, na kwenye ulinzi wa rauta nitaziruhusu kamera mwenyewe. Ndiyo maana wenzetu wanaendesha yote mawili pamoja. Na msiniambie nipitishe picha kwenye seva za waliotengeneza kamera. Stoo iko Mwanga, picha zikazunguke nchi za watu kwanza?

Kuna aliyeko Kigoma au Tabora anayepata IPv6 inayoanza na 2, yaani ile inayofika nje, iwe faiba au bando la simu? Aweke picha ya skrini hapa, namba za mwisho azifiche. Jumatatu naingia ofisini kwao na rauta yao kwapani.