Naomba ushauri: maoni ya mwananchi asiye na chama yanapitia wapi?

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Sina kadi ya chama chochote, wala siutaki ubunge. Ila nimechoka kuwa raia wa siku moja kila baada ya miaka 5, halafu katikati kazi yangu ni kulalamika kwenye daladala.

Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 21, inatupa haki ya kushiriki kwenye maamuzi yanayotuhusu. Sawa. Najua pia muswada ukishasomwa mara ya kwanza bungeni huenda kwenye kamati, na kamati hupokea maoni ya wadau. Tatizo ni hilo neno “wadau”. Naona wanaofika Dodoma ni mashirika yenye wanasheria, yana maoni yaliyopangwa kifungu kwa kifungu. Mimi nina kurasa 2 za mkono kuhusu kifungu kimoja tu kinachonigusa.

Kwa aliyewahi kupeleka maoni kamatini: niandike kwa jina langu peke yangu, au nitafute watu tusaini pamoja? Nakala nimpe na mbunge wa jimbo langu? (Kumpigia simu nilishakata tamaa, hapokei.) Na lipi lina uzito zaidi, kulalamikia kifungu chote au kupendekeza maneno mapya ya kukirekebisha?

Mke wangu anasema nitaonekana mpinzani. Hilo nalo mnaliangaliaje? Wa kejeli mpite kimya kimya tafadhali.