Muuza meno ya papa wa kale kanitukana mbele za watu, na leo simezi

Mbizi_wa_Cooper
Wakuu, nimetoka kutukanwa sasa hivi. Niko kwenye gari nje ya ukumbi, mikono inatetemeka, kwa hiyo msinikosoe herufi.

Yule bwana simtaji, mnamjua. Wa meza ya kona. Maonyesho yoyote ya visukuku, yale mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kuanzia Carolina Kusini hadi Florida utamkuta, meno kayapanga kwenye kitambaa cheusi, sauti ya dalali wa mnada. Nusu ya Waswahili tunaookota meno huku tumeshamwachia hela ya kodi pale.

Aliniuzia jino la megalodoni, yule papa jitu wa kale, inchi 6 na ushee. Akaapa kwa kinywa chake halijaguswa: mzizi wote, ule mkanda wa chini ya taji wote, msumeno wote toka begani mpaka nchani. Nimefika nyumbani nikapitisha pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. Pamba ikawa nyeusi. Nikazima taa, nikamulika kwa kitochi cha kukagulia noti bandia. Nusu ya mzizi ikawaka weupe! Gundi tupu! Gundi iliyomo mle inatosha kuziba mtumbwi ukatoka Bagamoyo ukafika Unguja bila mtu kufua maji.

Leo nimemrudishia. Kwa heshima kabisa, nikamwambia mzee, hili limekarabatiwa. Mbele ya wateja. Mbele ya mtoto wa miaka kama saba aliyekuja na babake kutafuta jino lake la kwanza. Kanitazama juu mpaka chini, akasema: "Ukitaka jino zima nenda kwa daktari wa meno."

Daktari wa meno! Watu wakacheka. Yule mtoto akacheka!

Papa hana mifupa, wakuu. Mwili wake ni gegedu, akifa unaoza, basi. Mnyama anayekadiriwa mita 15 na zaidi, mla nyangumi, na alichotuachia ni meno na pingili chache za uti wa mgongo. Jino ndilo papa mwenyewe. Yale makato madogo ya ukingoni yalikata nyama zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita na bado ukipitisha kidole unayasikia. Halafu mtu anakuja na brashi anachonga mzizi wake mwenyewe, anauza kwa jina la papa. Ukimuuliza, daktari wa meno.

Sijasema ukarabati ni dhambi. Muuzaji mwaminifu anaandika ncha imejengwa, mzizi umejazwa, bei inashuka, kila mtu anaenda kwao na amani yake. Lakini jino likifika inchi 6 bei inaruka, kwa sababu mengi yanayookotwa ni madogo au yamevunjika, na yanayofika 7 duniani ni ya kuhesabika. Pale kwenye mruko ndipo huyu bwana alipoweka kopo lake la rangi. Jino linapimwa mshazari, toka nchani hadi kona ya mzizi ulio mrefu. Sasa ukiongeza gundi kwenye ile kona, jino la 5 na nusu limekuwa la 6. Mnaona ujanja? Mzizi ndio pesa!

Na kuna watu wanazama kuyatafuta. Mto Cooper, kule Carolina Kusini, maji ni meusi, tochi haikufikishi popote, unapapasa changarawe kwa mkono huku maji yanayokupwa yanakuvuta, na mamba wa kule wapo. Leseni ya mzamiaji unakata, taarifa ya ulichookota unapeleka jimboni. Mtu anatoka mle na jino lililomeguka, anasema limemeguka. Huyu wa kwenye kiti cha kukunja anasema daktari wa meno.

Mbele ya mtoto, wakuu. Mbele ya mtoto.

Mtukutu_wa_Kahama
Simjui, niko Kahama, ila nimeshamchukia. Nimekaa siti ya mbele, endeleeni.

Fundi_Magego
Mimi ni daktari wa meno kweli, Morogoro. Asikuelekeze kwangu, jino la inchi 6 koleo zangu hazilishiki.

Mbizi_wa_Cooper
Mkuu, hili si la utani.

Fundi_Magego
Pole sana. Ila nauliza kitaalamu, mzizi ulijazwa kwa epoksi? Maana kama hukuona kwa macho, kazi ni safi.

Mbizi_wa_Cooper
SAFI???

Kibosho_Jr
Kwa hiyo mleta uzi ulitoa hela ya kodi bila kumulika kwanza? Kitochi cha noti kinauzwa mpaka kwenye vibanda vya simu. Umepigwa, kubali, lala.

Mbizi_wa_Cooper
Aliniapia! Mtu mzima akikuapia unamwashia tochi?

Kibosho_Jr
Ndiyo.

Pwani_Halisi
Samahani, meno si nyara za serikali? Maliasili hawawakamati?

Mkaa_Maryland
Hayo ni ya tembo, kaka. Florida kwa mfano, visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo kwenye ardhi ya jimbo vinataka kibali, lakini meno ya papa yameachwa huru. Sasa mleta uzi, ngoja nikupe malalamiko ya kweli. Huku Calvert Cliffs, Maryland, meno yanadondoka yenyewe kutoka kwenye majabali, na kupita chini yake kumekatazwa kwa sababu udongo unaporomoka. Nasimama ufukweni na ungo wangu nasubiri wimbi liniletee. Linaniletea vijino vya ukubwa wa punje ya mchele. Wewe lako umelishika mkononi, hata kama nusu ni gundi.

Mbizi_wa_Cooper
Ndugu yangu, jabali halijakutukana.

Shangazi_Tandale
Ila huyo megalodoni hajafa. Yuko kwenye kina cha Mariana. Kuna video.

Mbizi_wa_Cooper
Shangazi, shikamoo, na kwa heshima zote, hayupo. Meli ya utafiti ya Waingereza, Challenger, ilizoa meno yake kwenye sakafu ya Pasifiki miaka ya 1870. Mwaka 1959 ganda la madini ya manganizi lililoyafunika likapimwa unene, ikasemwa yana miaka 11,000 na 24,000, na kasi ya ganda kukua ilikuwa ya kukisia. Hesabu hiyo ilishakataliwa, wazushi wanaitembeza mpaka leo. Papa wa maji ya joto, chakula chake nyangumi, ataishi kwa nini kule gizani kwenye baridi? Tafadhali tubaki kwenye mada. Daktari wa meno!

Shangazi_Tandale
Marahaba mwanangu. Kuna video.

Kijana_Mererani
Nyie wa Marekani mnalilia jino. Mimi Arusha niliuziwa kioo cha bluu nikaambiwa tanzanite, nikamvisha mchumba. Mchumba akapeleka kwa sonara. Sasa hivi sina mchumba.

Kibosho_Jr
Duh. Hii ndiyo ilitakiwa ianzishiwe uzi.

Mtukutu_wa_Kahama
Pete alirudisha?

Kijana_Mererani
Alirudisha kioo. Pete alibaki nayo, ilikuwa dhahabu kweli.

Mbizi_wa_Cooper
Kijana, anzisha wako! Hapa tuna mtu amechora mzizi kwa brashi halafu akanidhalilisha mbele ya mtoto!

Mmwera_Asilia
Wote kaeni chini. Tendaguru, Lindi. Wajerumani wamechimba mijusi ya kale, dinosaria, kuanzia 1909 hadi 1913, babu zetu wakaibeba mifupa kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi. Leo yule mrefu kasimama Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu, watu wanakata tiketi kumwona. Mtu kauziwa kipande cha mzizi anapiga makelele, sisi limeondoka dubwana zima.

Pwani_Halisi
Akirudi tutamweka wapi?

Mmwera_Asilia
Hilo ndilo swali lao hao hao. Arudi kwanza, pa kukaa tutajua sisi.

Pwani_Halisi
Mita 13 mkuu, hata ukumbi wa harusi haingii. Nauliza tu.

Mkaa_Maryland
Mwenye kumdai Mjusi ana hoja. Mimi nadai majabali yafunguliwe.

Mama_Ng'onda
Mimi papa namjua wa chumvi tu, na nina kesi. Jumamosi nimenunua papa mkavu, nimemloweka, asubuhi kwenye sufuria nimekuta mchanga na mkia. Uzito wote niliolipia ulikuwa chumvi! Muuzaji mwenyewe simtaji, yule wa pale mwisho wa soko.

Pwani_Halisi
Mwenye koti? Na mimi kanifanyia hivyo hivyo! Nikarudi, akaniambia bahari ndiyo yenye mchanga.

Mama_Ng'onda
Huyo huyo!! Mimi kaniambia nilitaka papa asiyetoka baharini!

Mtukutu_wa_Kahama
Bora nyie. Kahama tunauziwa huyo huyo akiwa ameshasafiri, na bei ya usafiri wa mchanga wamejumlisha.

Mbizi_wa_Cooper
Wakuu nimeweka picha ya mzizi chini ya taa. Tazameni upande wa kushoto, mstari wa gundi unaonekana wazi kabisa.

Mama_Ng'onda
Nimeona mwanangu, pole. Papa mkavu mnunue mnene wa mgongoni, mumuvunje mmwonje kabla hamjalipa.

Fundi_Magego
Wa mgongoni unamloweka muda gani?

Mama_Ng'onda
Usiku mzima, na maji ubadilishe. Asubuhi unamchambua, unamchemsha na ndimu, tui jepesi kwanza. Lile zito mwishoni, moto mdogo, bamia ukipenda.

Kibosho_Jr
Bamia kwenye papa? Mama, hapo umeharibu.

Pwani_Halisi
Kibosho wewe mtu wa ndizi, nyamaza. Mama endelea, pilipili ya kukaanga au mbichi?