Tuwavuruge wadudu waharibifu pua badala ya kuwamwagia sumu?

Mleta mada: Wakuu naomba hili tulijadili bila jazba. Nondo dume ana vinyweleo kwenye antena, harufu ya jike ya kumwita inapenya kwenye vitundu vya vile vinyweleo, protini inaibeba mpaka kwenye kipokezi, yaani sehemu ya neva inayoihisi, halafu inatakiwa ifutwe fasta, maana kwenye upepo harufu haiji mfululizo, inakuja mapandemapande, inapita, hewa tupu, inapita tena, na dume anafuata vile vipande hivyo hivyo. Ya kwanza isipofutwa ya pili ataijuaje? Wanaoifuta ni vimeng'enya, yaani vichocheo vya mwilini vinavyovunja kemikali. Mwaka 1985 mtafiti Vogt na wenzake walikadiria kwamba kwa nondo mkubwa wa Marekani anayeitwa polyphemus, nusu ya harufu inaisha ndani ya milisekunde 15 hivi! Sasa tukikizuia hicho kimeng'enya, dume anapotea njia, hakuna mayai, hakuna viwavi. Sumu ya nini tena?

Mchangiaji: Mkuu umekimbia sana. Vipimo kwenye antena nzima ya nondo wa hariri vilitoa dakika kadhaa, sio milisekunde, ndo maana mtafiti Kaissling wa Ujerumani akasema kinachoizima harufu mapema ni ile protini inayoibeba, kimeng'enya kinakuja baadaye kufagia mabaki. Kama yuko sahihi utakuwa umeziba mlango ambao sio. Na nyuki je? Naye anaishi kwa kunusa.

Mleta mada: Hoja ya Kaissling ni nzito, siipuuzi. Ila angalia, bombikoli, yaani harufu ya jike wa nondo wa hariri, ni alkoholi, harufu ya polyphemus ni asetati, kemikali ya aina nyingine inayokatwa na kimeng'enya kiitwacho esterasi, kwa hiyo huwezi kuchukua dakika za huyu ukampa yule. Na mwaka 2005 watafiti Ishida na Leal walitengeneza hiyo esterasi ya polyphemus maabara, kasi ikawa ya kutisha kweli, ingawa nakubali maabara sio ndani ya kinyweleo kilicho hai. Kuhusu nyuki umenigusa. Ila tofauti hiyo hiyo ya vimeng'enya ndo inanipa moyo kwamba dawa inaweza kulenga mdudu mmoja, lakini esterasi ziko nyingi na zinafanana, kwa hiyo msimamo wangu nausogeza: ipimwe kwanza kwenye antena ya nyuki, akishindwa kunusa vizuri hata kidogo, isitoke maabara.